Dang'a na Siku ya Tatu

Jumatatu asubuhi tulipata habari kwamba mkunga wa zahanati yetu, hapa kati ya Ramisi na Msambweni, amefariki. Wasomaji wengi hamkumjua. Mimi nisingekuwa naandika haya kama si yeye.

Mwaka uliofuata kupandishwa kwa bendera yetu nilijifungua mtoto wangu wa kwanza katika zahanati ile, adhuhuri. Mtoto alitoka salama, kondo la nyuma nalo likatoka, lakini damu haikukoma. Mkunga akafungua jokofu la mafuta ya taa alimoweka sindano za kukaza tumbo la uzazi. Ya mwisho alikuwa amemchoma mwenzangu asubuhi ile. Akatuma mtu akimbilie lori la miwa litupeleke hospitali, kisha akaanza kunikanda tumbo. "Mpeni mama mwanawe anyonye," akasema.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alimkumbatia mtoto asimwachie. Kwetu dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, hukamuliwa yakamwagwa, na mtoto hulambishwa asali mpaka siku ya tatu.

"Machafu hayo, mwanangu. Mjukuu wangu ataharisha. Titi ni siku ya tatu."

"Siku ya tatu, mama, utakuwa unampikia huyu hitima," mkunga alijibu bila kuinua macho. "Pilau utapika ya nyama au ya kuku?"

Mavyaa akaitazama shuka niliyolalia. Akamleta mtoto mwenyewe. "Haya. Lakini akiharisha, nguo utafua wewe."

"Nitafua."

Mtoto akanyonya. Nilihisi tumbo likijikaza kama ngumi, na damu ikapungua hata lori likafika. Hospitali nilichomwa sindano ile, nikapona.

Nilipokwenda kumshukuru, mkunga alinieleza kwamba mtoto akinyonya, mwili wa mama hutoa dawa yake wenyewe, inayoteremsha maziwa na kukaza tumbo la uzazi. Wataalamu wameiiga wakaitia katika chupa. "Ila usiende ukatangaza kuwa sindano haina kazi," alinionya. "Wewe ulibahatika. Wako wanaonyonyesha na damu ikazidi." Hakusema kama dawa hiyo humfanya mama ampende mwanawe; najua tu kwamba nilikuwa nikimtazama wangu mpaka uji unaungua.

Miaka hiyo wengi wetu tulikuwa pande mbili: wa sindano walicheka ya wazee, na wa wazee waliikimbia sindano. Yeye alikuwa akiandika barua kila mwezi kuomba sindano, na hapohapo akigombana na wakwe juu ya titi. Nadhani ndivyo kazi inavyotakiwa: ushike linalookoa, lolote liwalo, na uliache lisilookoa hata likiwa la bibi yako.

Jana ilikuwa hitima yake. Mavyaa ndiye aliyesimamia pilau, ya nyama. Nilimkuta kando ya sufuria akimnyooshea mwiko mke wa jirani, mwenye mimba ya miezi minane.

"Sikiliza, mwanangu. Siku ya tatu ni hii tunayopika. Wako mpe titi papo hapo."