Mama Mkwe Kwenye Kitanda cha Mkaguzi

Mayunga hakuzaliwa mwongo; alipata ajira. Kabla ya hapo alilima pamba Lalago kama baba yake, na Jumamosi alishika kipaza sauti kwenye harusi za watu, maana Mungu alimpa sauti ambayo pamba haikuwa na kazi nayo. Harusi mojawapo ilifanyika kwenye Jumba la Mboje, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Bwana Januarius, meneja wa jumba, akamsikia akimmwagia sifa bwana harusi ambaye hakuwa na lolote la kusifiwa, akasema moyoni, huyu ndiye. Wiki iliyofuata Mayunga akavaa fulana ya kijani yenye jina la jumba mgongoni, akawa mwongoza wageni.

Jumba lenyewe ni la mawe, la ghorofa moja, na lina roshani inayotazama barabara. Alilijenga Mwanangwa Mboje, kiongozi wa kijiji chini ya mtemi, enzi za wakoloni kwa faida ya pamba. Siku hizi watu huingia kwa tiketi. Wanafunzi huja kuandika mambo ambayo hawatayasoma tena. Watu wa semina huja kunywa chai. Maharusi huja kupiga picha kwenye roshani, ili wakizituma Mwanza ionekane baba wa bwana harusi ndiye mwenye nyumba. Wengi huuliza choo kilipo kabla hawajauliza Mboje alikuwa nani.

Tatizo la Mboje ni kwamba aliishi kwa utulivu. Alinunua pamba, akasali, akafa. Hakupigana na mtu, hakuacha hata mzimu mmoja. Januarius lilimkera jambo hilo kana kwamba marehemu alifanya makusudi. "Mayunga," alisema, "watu hawatoki Mwanza na nauli zao kuja kuangalia mizani ya pamba."

Basi Mayunga akaanza kutia chumvi. Kule juu kulikuwa na kitanda kikubwa ambacho Januarius alikinunua kwa fundi wa Maswa. Mayunga akasema aliwahi kulala humo mzungu mkaguzi wa pamba. Wageni wakakitazama kwa heshima. Mwezi uliofuata mkaguzi akaugua malaria, ikabidi apelekewe uji. Kufika Pasaka uji ulikuwa unapelekwa na msichana mrembo wa Ipililo, na mkaguzi aliyekuja kwa siku mbili akawa amekaa mpaka msimu wa pamba ukaisha. Wageni walicheka hadi wakashikana mabega, na mtu aliyezoea kipaza sauti akishaonja kicheko cha namna hiyo haachi.

Siku moja kikundi cha kutoka Dar kikambana. Ushahidi uko wapi? Mayunga hakutaka kushindwa mbele za watu. "Ushahidi ninao nyumbani," akasema. "Mngemwona mke wangu alivyo mweupe. Yule msichana wa uji ndiye bibi yake, mzaa mama." Mmoja wao alikuwa anarekodi. Ile video ikazunguka kwenye magrupu, na haikuchukua muda ikafika Ipililo, kwenye simu za wanakwaya wenzake mama mkwe.

Debora, mke wake, ni mweupe kwa sababu baba yake alikuwa mweupe, basi. Hakugomba wala hakupasua sahani. Alifunga mizigo yake akaenda Ipililo kwa mama yake. Mayunga akabaki anakula ugali wa kuunguza na kulala upande mmoja wa kitanda, kwa mazoea. Alimpenda mke wake kweli, na ilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri kazini. Akatuma wazee wakamwombee msamaha. Wazee wakarudi na jibu fupi: mama mkwe atakuja mwenyewe.

Jambo hilo halifanyiki hivihivi. Kwa Wasukuma, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja huingia porini mpaka mwenzake apite, na neno likiwapo hupelekwa na mtu wa katikati. Ndoa nyingi za Simiyu zimedumu kwa msaada wa vichaka.

Jumamosi iliyofuata Mayunga alikuwa akipanda ngazi kinyumenyume kama kawaida yake, uso kwa wageni, akiwaandalia kicheko. Akafika mlangoni, akageuka ili aonyeshe kitanda kwa mkono. Katikati ya kitanda alikaa mama mkwe wake, Maximiliana, kitenge cha kwaya kiunoni, mkoba mapajani, viatu amevua. Mayunga akaruka kurudi kwenye ngazi. Wageni wakadhani ni sehemu ya maelezo, wakapiga makofi.

Sasa mlango wa roshani uko ndani ya chumba hichohicho. Chini alikuwa akisubiri bibi harusi, Precious, binti wa mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi, na jasho lilikuwa limeanza kula poda. Januarius akapanda mbio.

"Mama, tunaomba utupishe kidogo. Kuna maharusi."

"Nimekata tiketi," akasema Maximiliana. "Na mwongozaji hajamaliza maelezo."

Januarius akamgeukia Mayunga. "Ingia umtoe."

"Siwezi, bosi. Ni mama mkwe."

Januarius naye ni Msukuma. Akamwita Philomena, muuza tiketi, akamsimamisha mlangoni awe mtu wa katikati. Mayunga akageukia ukuta wa ngazi.

"Mwambie mkwe wangu aendelee pale kwenye uji," akasema Maximiliana. "Msichana ni mama yangu Milembe, si ndiyo? Kwa hesabu hiyo mtoto wa mkaguzi ni mimi. Nimekuja kumsikia baba yangu."

Philomena hakuwa na haja ya kurudia, kila mtu alikuwa amesikia, lakini alirudia, maana ndiyo utaratibu.

"Mwambie mayu, mama yangu, anisamehe," akasema Mayunga. "Yale ni maneno ya kazi tu."

"Mwambie maneno ya kazi yameimbwa mpaka kisimani. Debora harudi mpaka mama yangu atolewe humu kitandani. Na atolewe hapahapa, watu wasikie."

"Mwambie nilikosea. Yule msichana hakuwa wa Ipililo. Alikuwa wa Mkula."

"Mkula ipi?" akauliza mgeni mmoja mnene. "Sisi bibi zetu wamekukosea nini?"

Mayunga akamhamishia Lamadi. Baba wa bibi harusi, aliyekuwa amefika katikati ya ngazi kuulizia roshani yake, akaanza kuvua koti.

"Basi hakuwapo msichana," akasema Mayunga. "Hakuwapo kabisa."

Januarius akamvuta fulana. "Usituharibie," akamnong'oneza. "Msichana yupo. Bango lake limeshachapishwa."

Mnong'ono ukafika mpaka kitandani. Kisha Maximiliana akasema taratibu, "Philomena, muulize. Kama ni lazima awepo, yeye hana bibi?"

Mayunga alikuwa naye. Bibi Kija ndiye aliyemlea Lalago, akambeba mgongoni kwenda zahanati, akamfichia viazi vya kula usiku. Amezikwa pembeni ya nyumba. Akamfikiria Debora, akafikiria ule upande mtupu wa kitanda, akasema akiutazama ukuta: "Alikuwa bibi yangu mimi. Kija, wa Lalago."

Wageni wakacheka sana. Simu zikanyanyuliwa. Maximiliana akavaa viatu, na Mayunga akajibana nyuma ya mlango wa stoo mpaka alipopita. Alimsikia akimwambia Philomena, "Mwambie kwamba mke wake atakuja Jumapili baada ya misa. Na asije akabadilisha. Simu ninayo, video zitanifikia."

Debora akarudi kweli, akaweka mizigo yake mahali pake, akapika. Mayunga alifurahi kama mtoto. Januarius alifurahi zaidi. Alisema habari ikiwa na ushahidi unaotembea inauzika, akachapisha bango jingine: Ongozwa na Mjukuu wa Mkaguzi. Tangu hapo wageni humgeuza Mayunga kwenye mwanga, mtu mweusi tii, wakitafuta pua ya kizungu. Wapo wanaoiona.

Wiki iliyopita lilikuja kundi la walimu. Mayunga akafika pale kwenye uji, kundi likaangua kicheko, isipokuwa mama mmoja wa makamo aliyenyoosha mkono.

"Samahani, kaka. Huyo bibi yako, alipenda mwenyewe, au alilazimishwa?"

Enzi msichana akiwa wa Ipililo, Mayunga angekuwa na jibu kabla swali halijaisha. Sasa alimwona Bibi Kija ameinama shambani, anainua kichwa kuona nani anamtaja. Mama yule alisubiri. Wenzake nao walisubiri, wameshaanza kutabasamu, kwa sababu walijua jibu litakuwa la kuchekesha.