Mahari ya Wafula

Asubuhi tuliyosikia kwamba jeshi linaandikisha vijana, mimi na Wafula tulikuwa tukipakia magunia ya mahindi kwenye lori mjini Kitale. Mimi ni wa Kipsongo, mtaa wa mabanda wa hapo mjini, vibarua nimevizoea. Yeye alikuwa bodaboda wa baiskeli huko Bungoma, mpaka pikipiki zikamnyang'anya abiria. Tukaacha lori nusu, tukaenda kujaribu bahati.

Uwanjani tulikimbizwa, tukakaguliwa meno na nyayo. Afisa akamuuliza Wafula kwa nini anataka jeshi.

"Natafuta mahali, afande."

"Mahali pa kulala?"

Foleni nzima ilicheka. Maskini, alimaanisha mahari. Kwao l na r hubadilishana bila kuombana ruhusa. Alitaka kumwoa Nekesa, na baba yake Nekesa alitaka ng'ombe kwanza. Tangu siku hiyo tukamwita Mahali, naye akawa anaitika. Mimi nilitaka tu kula nyama nikashiba. Miaka imepita, na bado sijui kama kwenye foleni ile kulikuwa na hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya bendera. Sisemi hivyo kwa dharau. Tulikuwa na njaa, na jeshi lilikuwa kazi.

Tulipelekwa ng'ambo ya mpaka, kwenye joto na mchanga. Kila mtandao ulipopatikana, Wafula alimpigia Nekesa kumwambia ng'ombe wako njiani.

Kisha gari letu likakanyaga bomu.

Risasi zikafuata. Wafula alikuwa chini, ameshika tumbo.

"Mahali, bana," alisema. "Mahali."

Nilidhani anataka pa kujificha. Nikamburuta hadi nyuma ya ukuta uliobomoka.

"Hapa ni sawa?"

Akatabasamu. "Si hiyo. Ya Nekesa. Mperekee mzee."

Nilimshika mkono mpaka ukalegea. Nilimpenda yule kijana, na sikuwahi kumwambia.

Baada ya mazishi nilimsindikiza baba yake Wafula hadi kwa kina Nekesa, nje kidogo ya Bungoma, tukiswaga ng'ombe walionunuliwa kwa fidia ya jeshi. Baba yake Nekesa alitoka, akawapapasa ng'ombe migongo. Walikuwa wanono.

"Mludishe hizi ng'ombe," alisema. "Mimi nilisema ng'ombe juu ya vile kila mtu husema hivyo. Hata angekuja mikono mitupu, ningempatia tu msichana."

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia hivyo.