Kisima cha Mama Kapinga

Nilikana kwa muda mrefu, sasa nakiri: mimi ndiye niliyewafanya wanawake wa mtaa wakikimbie kisima cha jirani yangu, Mama Kapinga. Mkojo wangu uligeuka mwekundu, nami, msomi wao, nikatangaza kwamba sumu ya mgodi ulio karibu nasi imeingia majini. Dawa za kifua kikuu nilizoanza juma lile sikumtajia mtu.

Mama Kapinga alikuja kwangu na majirani. "Mama Profesa, batoto bangu banakunywaka hii maji. Mukojo yabo iko muzuri. Uliza munganga kule hospitali."

Nikampigia simu muuguzi wa pale, nikafungua spika wote wasikie mgodi ukihukumiwa, nikamweleza rangi ya mkojo wangu.

"Mama, si nilikuambia?" akasema. "Ile dawa ya kifua kikuu inageuzaka mukojo nyekundu. Lakini ile siku nilikupatia dawa, ulikuwa unaangalia mulango tu, juu batu basikuone."