Jani la Sale Juu ya Gunia Langu

Mnyapara wetu pale kiwanda cha kahawa Moshi alikuwa mtu wa mjini, tumbo linatangulia, sauti inatokea puani. "Nani? Nasema naaani katia punje zinazonuka humu?"

Sisi wanawake sita wa meza moja, macho kwenye ungo. Kwani nani alijua? Tulichambua wote, tukamwaga kwenye gunia moja. Likirudishwa, kosa la wote, yaani si la mtu.

"Likirudi jingine, meza nzima mnarudi kwenye migomba yenu!"

Migomba ipi? Mume wangu alishakufa na kihamba, shamba letu la migomba, wamechukua shemeji zangu. Mimi kwangu ni pale mezani.

Basi nikaropoka: kila mtu awe na gunia lake, alifunge mdomo kwa kipande cha kanga yake. Mama mmoja wa Kirua, anayeongea kama ana ndizi ya moto mdomoni, akasema, "Haya weeewe. Tutaona litarudi la nani."

Jamani, meza ilichangamka! Mikono inadonoa kama kuku. Punje iliyokuwa inatazamwa mara moja sasa inageuzwa, inanuswa, inaulizwa habari za nyumbani! Na mimi kwa furaha nikawa namwiga mnyapara mpaka wenzangu wanafuta machozi.

Siku ya nne niliwahi kufika. Mlangoni kuna gunia limerudishwa. Kipande cha njano. Changu!

Nikashika fundo. Hakuna mtu. Nifungue tu, nitupe kile kitambaa, imekwisha. Lakini wenzangu watano wafukuzwe kwa sababu mdomo wangu ulikuwa kazini na macho yangu likizo?

Nikatoka mbio mpaka kwenye uzio, nikachuma jani la sale. Kwetu Uchagani aliyekukosea akikuletea sale, huwezi kumnyima msamaha. Nikaliweka juu ya gunia, nikasimama hapo hapo.

Mama wa Kirua akafika, akatazama. "Aaa, mwenzetu, umetuonea! Leo tulitaka kukucheka mpaka jioni, sasa umetufunga midomo." Wengine nao wakafika, wakavua mitandio, wakamwaga gunia mezani, tukachambua upya wote sita, mbio mbio.

Mnyapara akaingia. "Nani?"

"Mimi, bwana mnyapara," nikasema. "Nilikuwa nakuiga wewe, sikutazama."

"Unaniiga vipi?"

Nikamwonyesha, tumbo na pua. Wenzangu wakainama chini ya meza. Yeye akachota kahawa, akanusa, akachota tena katikati, akanusa. Nikasema leo basi.

"Hii inapita," akasema. "Rudini kazini. Na pua yangu haiko hivyo."

Tangu hapo mwenye kosa aliweka jani la sale na kusema mwenyewe kabla gunia halijatoka, na magunia yakaacha kurudi. Meza nyingine zikaja kuomba vipande vya kanga!

Halafu siku moja mnyapara mwenyewe akapeleka magunia yetu mazuri kwenye lundo la mabovu. Asubuhi tukamwona anakuja, jasho linamtoka, anaburuta jani zima la mgomba, refu kuliko yeye.

"Nimekosea mimi," akasema. "Si mnataka jani?"

Mama wa Kirua akalipokea kwa mikono miwili. "Tumekusamehe, baba. Kwa jani hili, hata na kosa la mwakani."

Tukaenda kuyatoa magunia yetu, na yeye akabeba mawili.