Wananitaka niimbe wimbo wa kuisifu hotuba iliyoniponza

Admin, jina langu lifiche, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa Talatala huku Kyela, nina watoto wanne. Tunalima mpunga, na tuna kakao kidogo kwenye ardhi ya ukoo wa mume wangu. Kanisani na misibani mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo. Nikifungua mdomo, wanawake wote wanaitikia.

Siku Rais alipolihutubia taifa, mwenye mashine ya kukoboa mpunga alitoa televisheni nje, tukajaa uwanjani kwake. Jamani, tulikuwa na matumaini. Tulisema kwa yote tuliyopitia, safari hii lazima kitu kibadilike. Wengine walisubiri neno la katiba. Mimi nilisubiri neno la kakao, maana tunaolima ni sisi, ila namna ya kuiuza tunapangiwa. Hotuba ikaanza, ikaenda, ikaisha. Mipango ile ile, vipaumbele vile vile. Watu wakabaki wanatazamana. Mimi mdomo wangu hauna breki, nikasema kwa sauti, "Sasa hii si ndiyo ile ya mwaka jana? Kilichobadilika ni nguo tu!" Palilipuka vicheko na makofi. Jirani yangu, nimwite Mama Atu, alipiga makofi kuliko wote.

Maneno yalimfikia mwenyekiti wa kijiji kabla mimi sijafika nyumbani. Mwenyekiti mwenyewe ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Hakunigombeza, wala hakuniita ofisini. Alijua pa kunipiga.

Huku kwetu wanawake tunapalilia mpunga kwa zamu. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, kila mtu na jembe lake, na mwenye shamba anapika. Msimu huo nilikuwa nimeshapalilia kwa kila mmoja wao, hata kwa mke wa huyo huyo shemeji. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Siku yenyewe nikapika sufuria kubwa la ndizi na maharage, nikapeleka shambani, nikasubiri. Jua likapanda, hakuja mtu. Kumbe shemeji alipita nyumba kwa nyumba na bodaboda akiwaambia, atakayekanyaga shamba la mchochezi naye ni mchochezi. Nilimwona Mama Atu kwa mbali na jembe begani. Aliponiona akakata kona.

Nililia, sitaficha. Nikapalilia mwenyewe na wanangu, lakini majani yalitushinda. Mpunga niliovuna naona aibu kuutaja, na mwaka huu mimi mkulima nanunua mchele. Mume wangu aliniambia neno moja tu: "Ungenyamaza ungepungukiwa nini?" Hilo neno bado liko kifuani.

Sasa sikieni. Wiki iliyopita shemeji amekuja kwangu mwenyewe, na mkungu wa ndizi mkononi. Mtu ambaye tangu siku ile hata salamu alikuwa haitikii!

"Ugonile, Mama Tumpe," akanisalimia kwa upole. (Tumpe si jina la mwanangu, nimebadilisha.)

"Nimeamka, shemeji. Karibu kwa mchochezi."

Akacheka kicheko cha kujilazimisha. "Yaliyopita si ndwele. Wakubwa wanakuja kijijini kusikia wananchi wameipokeaje hotuba. Wanataka wimbo wa akina mama. Wenzako wamejaribu bila wewe, kila mtu anavuta kwake. Tusaidie, mama. Mheshimiwa akiondoka hajafurahi, mimi kiti sina."

Mungu anisamehe, nilisikia utamu mwilini. Nikamwambia, "Ndaga, asante shemeji. Nitaimba."

Mazoezi nimeyaweka pembeni ya shamba langu makusudi. Wanawake wale wale wasiokuja kupalilia sasa wanakuja kila jioni, wanasimama wanatazama majani yaliyomeza mpunga wangu, huku wakiimba jinsi hotuba ilivyotugusa. Hakuna anayethubutu kunitazama usoni. Nami nawarudisha mwanzo hata walipopatia. Waimbe tena. Wachoke!

Wasichojua ni kwamba nina wimbo mwingine. Nimeutunga kwa Kinyakyusa, nyumbani, nikichambua mchele wa kununua. Unasema tulisubiri neno jipya tukapewa lile la zamani, na aliyelalamika akanyimwa majembe. Jina la shemeji limo. Siku hiyo mimi ndiye nitakayeshika maiki mbele ya wageni na kijiji kizima.

Mama mkwe ameshanusa. Amenishika mkono akasema, "Mwanangu, ardhi yote iko chini ya huyo shemeji yako. Ukimwaibisha, wajukuu zangu watalima wapi?" Mume wangu naye kaapa kwamba nikithubutu, nifungashe nirudi kwetu Katumba Songwe. Nimewasikia wote. Lakini wakati nanyimwa majembe, nani alimwambia shemeji afikirie wanangu watakula nini?

Juzi baada ya mazoezi Mama Atu alibaki nyuma. Alilia kidogo, akaninong'oneza, "Dada, najua una wimbo wako. Uanzishe. Mimi nitaitikia." Nikaitazama mikono yake. Ni mikono ile ile iliyopiga makofi kwenye mashine, halafu ikakata kona na jembe.

Wageni wanakuja Jumamosi. Msiniambie nisamehe, hilo nimeshaambiwa na mchungaji. Wimbo wetu mmoja anaanzisha, wengi wanaitikia, na mwanzishaji asiyeitikiwa ni kichaa anayepiga kelele peke yake. Nishaurini, nianzishe upi? Na wewe mwanamke wa Talatala unayesoma hapa ukijua kabisa ni mimi, usiandike ushauri. Nijibu moja tu: nikianzisha, utaitikia?