Gurudumu la Baridi

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kalamu mbili, moja ikigoma nyingine iendelee. Mkuu wa kituo chetu cha ukaguzi wa magari, pale barabara ya Mkuyuni inapokaribia mji wa Morogoro, alizitazama akacheka.

“Kalamu weka mfukoni. Nipe kiganja.”

Akanifundisha kupima kwa kiganja joto la ngoma za breki, zile duara za chuma ndani ya magurudumu, lori likishashuka mlimani. “Yenye moto, dereva kaikanyaga mno. Ya baridi, mwanangu, haikushika kabisa. Hiyo ndiyo uiogope.”

Nikawa nalizunguka kila lori mara mbili. Madereva wakanitania eti nahiji.

Asubuhi moja akashuka Shomari, dereva wa Matombo, kule mlimani, na shehena ya ndizi. Kiti cha mbele alikaa mama mkwe wake, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Gurudumu la nyuma kulia lilikuwa baridi. Nikadhani nimekosea. Mzunguko wa pili, baridi vilevile. Nikaingia uvunguni: mpira unaopeleka mafuta ya breki umevuja, ukakunjwa na kufungwa waya.

“Shikamoo, afande,” Shomari akanong’ona. “Niandikie faini nipite. Mbele tambarare tu.”

“Marahaba. Tambarare hiyo ina watu. Lori halitoki.”

“Mkwe akijua nimemteremsha hivi? Nyumba ninayolala ni ya kwao!”

“Basi bei yangu hii: umwambie wewe, au nimwambie mimi. Sipunguzi.”

Mlango ukafunguka. “Minong’ono yenu inafika Matombo,” mama akasema, akishuka.

Akagusa gurudumu la kushoto, akaurudisha mkono upesi. La kulia akaliwekea kiganja, akakiacha hapohapo. Kisha akageuka kuitazama barabara inavyojipinda Uluguru mpaka kumezwa na mawingu. Nami nikatazama, kama mgeni wa mji.

“Tumeshuka kule? Na gurudumu hili?”

“Ndiyo, mama,” Shomari akakiri.

“Alhamdulillahi. Tafuta fundi. Mjukuu atanisubiri.”

Akakaa kando ya barabara hadi mpira mpya ulipofungwa. Tangu hapo Shomari alikuwa akisimama kabla sijainua mkono, akishuka kupima magurudumu yake mwenyewe, mkwe awemo asiwemo.

Sasa nimestaafu, niko Mafiga, hapahapa mjini. Sokoni nabishania bei mpaka wauzaji wananikimbia. Lakini mtu akiniambia, “Mzee, ndizi hizi zimeteremka Matombo leo,” nauinulia macho mlima ule, nalipa alichotaja.