Mafuta Yaliyoganda Chini ya Ngazi

Mtaani walimwita Waya, kwa sababu ya ule waya mrefu aliotembea nao begani akizibua mabomba ya maji machafu. Watu hudhani pua ya fundi wa namna hiyo imekufa. Yake ilikuwa hai kupita kiasi. Kila jioni alisugua vidole kimoja kimoja kwa ndimu, na bado chakula alikila kwa kijiko.

Siku aliyoitwa na dada yake, alitapika kabla hajavuka kizingiti. Dada alikuwa mzazi, mtoto hata kitovu hakijadondoka, na aliishi chumba cha chini katika nyumba ya shangazi yao. Maji meusi yalikuwa yamepanda kupitia tundu la bafu, yakaenea hadi kwenye miguu ya kitanda. Juu yake ulielea utando mweupe, kama ngozi ya kidonda.

Shangazi, aliyekaanga samaki wa kuuza ghorofani, alisimama ngazini na leso puani.

"Ni nepi zake hizo. Anazisukumia chooni. Asipokoma, Jumamosi anipishe chumba changu."

"Shangazi, nepi nafua, si unaziona kambani?" dada alilia.

"Naziona unazoanika. Unazotupa nitazionaje?"

Waya alifunua shimo la bomba la maji machafu chini ya ngazi, akasukuma waya ukagota. Akavuta, akazungusha, akavuta tena. Haikutoka nepi. Lilitoka gogo la kijivu, mviringo kama bomba lenyewe, gumu kama sabuni ya mche, na ndani yake magamba ya samaki na vitunguu vilivyooza.

"Mafuta haya, shangazi. Ya kikaango chako."

"Yangu? Yangu yalikuwa maji, baba! Nikimaliza kukaanga nayamwaga, nayafuatishia birika la maji yanayochemka. Yanateleza yanakwenda zake."

"Yanakwenda wapi?"

"Nitajuaje? Huko yanakokwenda."

Yalikwenda hadi chini ya kitanda cha mzazi. Hapo bomba limelala kwenye udongo wa baridi, na hapo moto wa birika uliishia. Yakaganda, ya leo juu ya ya jana, na kilichoshuka kutoka vyoo vyote kikakosa njia.

Waya alikata kipande, akapanda nacho jikoni, akakitia kikaangoni na kuwasha jiko. Kikalegea, kikang'aa, kikawa maji ya rangi ya dhahabu, mazuri hata kuyatazama. Kisha mvuke ukapanda. Ulinuka samaki, ulinuka bizari, ulinuka choo cha nyumba nzima. Ukaingia kwenye mapazia na kwenye samaki waliokwisha kuiva.

"Zima! Zima, mwanaharamu wewe!"

"Nepi inanuka bizari, shangazi?"

Shangazi alikohoa, akatema dirishani. "Haya, abaki. Abaki na chumba chake. Toka jikoni kwangu."

Waya alishuka kumpa dada habari. Alimkuta anakwangua sakafu, mtoto kifuani, amefunikwa uso kwa kanga. Kabla hajafungua kinywa, bomba la ukutani lilinguruma. Akaweka kiganja kwenye bomba, akakiondoa upesi. Lilikuwa la moto. Shangazi alikuwa anaosha kikaango.

Dada naye aliligusa. Akautazama mkono wake, akaufuta kwenye gauni, akaufuta tena.

"Kaka, huo waya uweke chini," alisema. "Nishikie godoro, nahama."